Kobalti Isiyopimika

Biti zinazotoboa mwamba chini ya ardhi huko Kamoto, Kolwezi, nchini Kongo, zina vifundo vya kijivu usoni. Vifundo hivyo si chuma. Ni chembe za kabidi ya tangsteni zilizoshikanishwa kwa kobalti, madini yaleyale ambayo malori ya Lualaba huyapitisha mpaka wa Kasumbalesa, mengi yakiwa unga wa hidroksidi.

Vifundo huokwa kwenye nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi, na ugomvi huanza vinapopoa. Kobalti husinyaa zaidi ya mara mbili ya kabidi, ila haiwezi kujitenga nayo. Kwa hiyo kabidi hubaki imebanwa na kobalti imevutwa, kabla biti haijagusa jiwe.

Mkazo huo husomwa katika umbali kati ya tabaka za atomi: pembe ambayo kwayo mionzi huruka ndiyo inayoutaja umbali, kwa kanuni ya Bragg ya 1913. Eksirei huishia mikromita chache kutoka juu, mahali ambapo kinoo kimekwisha kuvuruga ushahidi. Nyutroni huzama milimita kadhaa, na Aaron Krawitz wa Chuo Kikuu cha Missouri alizitumia hizo.

Lakini kobalti huzimeza nyutroni, hurudisha chache, na yenyewe hugeuka kobalti-60 yenye mnururisho. Basi hupimwa kabidi, kisha kobalti hupigiwa hesabu, kwa kuwa ndani ya kipande kisichoshikwa na kitu, mbano na mvuto lazima vifutane. Tuseme kabidi ni asilimia 80 ya ujazo na imebanwa kwa megapaskali 400: kobalti, asilimia 20, inavutwa kwa 1,600.

Mtego hasa, kwa maoni yangu, uko kwenye rejea. Mbano huo hupunguza umbali wa tabaka kwa sehemu tatu hivi katika elfu kumi, kwa hiyo lazima upimwe pia unga mtupu wa kabidi, usiobanwa na chochote. Kosa dogo kwenye unga huo hufika kwenye kobalti likiwa limezidishwa mara nne.

Baadaye Krawitz, pamoja na Andrew Venter wa Pelindaba, Afrika Kusini, waliikwepa kobalti kwa kushikanisha kabidi kwa nikeli, wakakikandamiza kipande kikiwa ndani ya miali ya nyutroni. Walipokiachia, mkazo wa awali ulikuwa umepungua upande uliokandamizwa. Kwa hiyo kipimo cha biti mpya hakitoshi kuisemea ile iliyokwisha kupiga mwamba wa Kamoto.