Bei kwa Mita, Bei kwa Mita ya Mraba

Mpe mwanafunzi wa darasa la sita chumba chenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6, umwambie atafute mzingo na eneo. Atakupa mita 15.6 na mita za mraba 15.12, pengine kabla hujakaa. Sasa mwulize kutandika marumaru na kuzungushia skatingi chumba hicho kutagharimu kiasi gani. Wengi hapo huchukua namba mojawapo, huizidisha kwa bei, basi. Nimevichagua vipimo hivi makusudi: namba hizo mbili zinakaribiana mno, kwa hiyo aliyekosea hapati jibu la ajabu la kumshtua.

Kanuni anazijua. Asichokijua ni kuchagua, na hajawahi kuachiwa achague. Wiki ya mzingo mazoezi yote huwa ya mzingo, wiki ya eneo yote ya eneo. Kichwa cha mada kimeshamtobolea siri.

Somo lililopangwa vizuri huanza na bei, umbo likafuata. Mwalimu anaandika ubaoni orodha kama ya duka la vifaa vya ujenzi, kisha anauliza swali moja tu: hiki kinauzwaje? Skatingi ni kwa mita, ufundi wa kutandika sakafu ni kwa mita ya mraba. Shilingi kwa mita ukizidisha kwa mita, mita zinakatana, zinabaki shilingi. Ukizidisha kwa mita za mraba, unabaki na "shilingi-mita", fedha ambayo hakuna duka litakalokupokelea.

Zulia la plastiki lina mtego wake, na ni vizuri liwemo kwenye orodha. Linauzwa kwa mita, lakini linafunika eneo. Tuseme roli lina upana wa mita 1.8. Chumba chetu kitahitaji vipande 2 vya mita 4.2, yaani mita 8.4, namba ambayo si eneo wala mzingo. Darasa litabishana, na ubishi huo una faida kuliko mazoezi kumi ya kitabuni.

Turudi kwenye marumaru. Chukua za sentimita 40 kwa 40, boksi lina vipande 12, bei shilingi 36,000 (bei ya mfano tu). Upana wa chumba unameza marumaru 9 kamili. Urefu unameza 10 na nusu. Nusu hizo ziko 9, na kila marumaru ikikatwa inatoa mbili, kwa hiyo zinahitajika 5 za kukata. Jumla 95. Ni maboksi 8, mwanafunzi atasema, na kipande 1 kinabaki. Ila skatingi bado. Toa mlango wa sentimita 90 kwenye mzingo, zinabaki mita 14.7. Fundi akikata skatingi kutoka marumaru zilezile, kila moja inatoa vipande 4 vyenye kimo cha sentimita 10, kasoro unene wa diski ya grainda. Vinahitajika vipande 37, sawa na marumaru 10. Sasa tuko 105, maboksi 9, jumla shilingi 324,000.

Aliyegawa bei ya boksi kwa eneo lake, akapata shilingi 18,750 kwa mita ya mraba, kisha akazidisha kwa 15.12, ana shilingi 283,500 mkononi. Hesabu yake haina kosa hata moja, lakini marumaru hazitamtosha. Fundi naye atadai ujira kwa eneo alilotandika, hata kama maboksi yamezidi. Mzingo na eneo viko katika bili moja, kila kimoja na mstari wake.

Kupandisha namba hadi boksi kamili kunaonekana jambo dogo. Katika mtihani wa kitaifa wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa mabasi mangapi yanahitajika kubeba askari 1,128 ikiwa basi moja linabeba 36. Takriban asilimia 70 waligawanya sawasawa, lakini waliojibu 32 walikuwa kama asilimia 23 tu. Wengi wa waliobaki waliandika 31 na baki 12, au 31 tupu, kana kwamba wale 12 wangetembea kwa miguu.

Kwenye bustani mambo hugeuka. Seng'enge ya mita 24 inazungushia kitalu cha mita 6 kwa 6, au cha 10 kwa 2. Gharama ya uzio ni ileile, nguzo za kila mita 2 ni 12 kote kuwili, lakini cha kwanza kina mita za mraba 36 za mchicha na cha pili 20.

Katika kusahihisha, mimi ningedai jedwali lenye safu tatu kabla ya jibu: kitu, kinauzwaje, kipimo gani kinahitajika. Alama nyingi ziwe hapo. Kuzidisha kwenyewe simu itafanya.