Kilo 27 Hazisokoti Uzi

Waliotazama kondoo Shrek akinyolewa mbele ya kamera za televisheni nchini New Zealand, Aprili 2004, walimwona Merino aliyejificha mapangoni kwa miaka kama sita akivuliwa mzigo wake kwa takriban dakika 20. Kazi ya mkasi sina neno nayo. Neno langu liko kwenye mizani. Sufu ilitangazwa kuwa na kilo 27, zikasemwa kutosha suti 20 za wanaume wenye miili mikubwa, na hesabu hiyo ikazunguka dunia. Kuipa sufu thamani kwa uzito wake lilikuwa kosa la wazi, lile lile linaloharibu mashindano ya sufu kila mwamuzi anapotazama mizani kabla ya kugusa kishungi, yaani fungu dogo la nywele za sufu.

Sufu ghafi si sufu tupu. Ndani ya kilo zile mna lanolini, chumvi ya jasho, vumbi na mbegu za malishoni, na sufu ya Merino ikioshwa inaweza kupoteza theluthi hadi nusu ya uzito. Mnunuzi wa karafuu Pemba hatoi bei ya kavu kwa mbichi. Kwa nini mizani ya sufu isamehewe? Lakini uchafu ni jambo dogo, maji ya moto huumaliza. Zito ni urefu. Merino wa kawaida hunyolewa kila mwaka, akatoa kama kilo 4.5, kishungi kikiwa na sentimita 7 hadi 10. Kondoo akikosa malisho au akiugua, unywele unaoota wakati huo huwa mwembamba, na hapo ndipo utakapokatika ukivutwa. Akiachwa majira sita ya baridi ya Otago, kwao Shrek, dhiki zote hizo hujipanga kwenye unywele mmoja, huku ncha zikipigwa jua na mvua hadi zikakauka kama makuti. Zikipita kwenye brashi za kuchambulia, ncha za namna hiyo hukatika zikawa vinundu, na kinundu kikishasokotwa ndani ya uzi hakitoki. Tena sufu iliyokaa mno mwilini hushikamana kama zulia. Hiyo haichambuliki, hupasuliwa.

Watasema sufu ndefu ndiyo furaha ya msokotaji, na watamtaja kondoo wa aina ya Lincoln, ambaye kishungi chake hupita sentimita 20. Ni kweli, ila Lincoln hufika huko ndani ya mwaka mmoja, kwa unywele mnene unaokaribia maikroni 40. Merino ni chini ya maikroni 24, na wembamba huo haukuumbiwa kubeba miaka sita. Wengine watasema sufu ile ilipigwa mnada kwa ajili ya matibabu ya watoto, wala haikukusudiwa gurudumu la kusokotea. Mnada ulistahili, basi wangeuza jina la Shrek, suti wakaziacha. Hoja yenye uzito ni moja tu: sehemu ya karibu na ngozi, iliyoota mwaka wa mwisho, inaweza kuwa safi na imara. Inaweza. Lakini kuipata ni mpaka kila kishungi kikatwe, na anayekata amekwisha kubali kwamba kilo nyingi alizozitangaza si za kusokota.

Wachambuzi wa sufu wa zamani wa Bradford, Uingereza, wasingenaswa na hesabu hii. Kipimo chao kiliuliza ratili moja ya sufu iliyooshwa na kuchanwa itatoa mafungu mangapi ya uzi, kila fungu yadi 560, na daraja la 64, yaani mafungu 64, walilitambua kwa macho na vidole. Hata mnyoaji Jackie Howe, aliyenyoa kondoo 321 kwa mkasi wa mkono kwa saa 7 na dakika 40 huko Queensland, Australia, mwaka 1892, rekodi yake ilipima mkono wake. Haikupandisha sufu daraja. Sisi, alipookotwa kondoo Chris karibu na Canberra mwaka 2015 akiwa na kilo 41.1, tulikimbilia mizani ile ile.

Akitokea kondoo mwingine wa namna hiyo, ombi kwa watangazaji ni hili: kabla ya kupima, mtu achukue kishungi kimoja cha begani, akishike ncha mbili, akivute ghafla karibu na kipaza sauti. Sufu imara hulia kama uzi wa gambusi. Dhaifu huchanika, na kila aliye nyumbani atasikia.