Makelele ya Konono N°1, ao kwa nini paka yangu hakimbii

Wandugu, kuna diski moja ya Kinshasa ambayo watu wa mbali wanaijua kuliko sisi. Inaitwa Congotronics, ya grupe Konono N°1, ilitoka mwaka 2004 kwa Crammed Discs, nyumba ya muziki ya Brussels. Niliuliza marafiki tuliosoma nao, wote wako na diploma mkononi. Wengi hawakujua hata jina. Mmoja tu njo aliisikia, na jibu lake lilikuwa fupi: "Kaka, ile ni muziki ya matanga. Bazee banapigaka."

Nataka kuitetea diski hiyo. Lakini si vile wazungu wanaiteteaka, na si mbele ya wazungu. Naitetea mbele yenu.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Mwenye kuanzisha Konono ni mzee Mingiedi Mawangu, aliyekufa mwaka 2015. Alikuwa Muzombo, ni kusema mtu wa upande ule wa mpaka wa Congo na Angola, na grupe lake lilianza Kinshasa katika miaka ya 1960. Chombo chake ni likembe: kisanduku cha mbao, ndimi za chuma, vidole gumba viwili. Likembe ni chombo cha upole. Mtu anaipigaka akitembea, akilinda shamba, akingoja chakula kiive. Sasa ipeleke Kinshasa, kwenye magari, baa na makanisa yanayoimba usiku kucha. Mtu wa meza ya pili hasikii kitu. Mingiedi akatengeneza maikrofoni yake mwenyewe, kwa sumaku zilizotoka ndani ya vyuma vya magari mabovu, akaunganisha na amplifaya, akatoa sauti kupitia mapembe makubwa ya chuma, yale ya kutangazia watu barabarani. Likembe ikawa tatu: ya sauti nene, ya kati na ya juu. Nyuma yake ngoma, vyuma vya kuokota, filimbi, na watu wanaoimba kwa kujibizana.

Sauti ikatoka imepasuka. Inakwaruza, inanguruma, iko na mchanga ndani. Na hapo njo ugomvi unaanzia.

Huko Ulaya walisema: tazama, Waafrika wamebuni tekno bila kujua, tena kwa takataka! Wakaisifu sana. Björk akawaita kwenye wimbo wake "Earth Intruders" mwaka 2007, kisha Herbie Hancock akawaweka ndani ya "Imagine" yake, iliyopata Grammy mwaka 2011. Mimi sina shida na hizo heshima. Shida yangu ni neno "bila kujua", hata kama hawakulisema kwa mdomo wazi. Wanafikiri mkwaruzo ule ulikuja juu ya umaskini: kama mzee angekuwa na pesa angenunua maikrofoni nzuri ya dukani, na sauti ingetoka safi.

Si kweli, na kila mtu aliyeshika likembe ya kijiji anaweza kuona kwamba si kweli. Angalia zile ndimi za chuma kwa karibu. Mara nyingi utakuta vipete vidogo vimezungushwa chini yake. Kazi yao ni moja tu: kutetemeka, kuchafua noti, kuipa "zzzz". Kwa ndugu zetu wa Zimbabwe, mbira inafungwaka vifuniko vya chupa kwa kazi hiyo hiyo. Ni kusema, katika sehemu nyingi za Afrika sauti safi kabisa ni sauti ambayo haijamalizika, kama chakula bila chumvi. Mingiedi alipopata amplifaya inayokwaruza, alikuta kitu ambacho masikio ya wazee wake yalikuwa yanakipenda tangu zamani, lakini sasa kwa nguvu ya umeme. Angeweza kukipunguza. Aliacha kiendelee, akapanga muziki juu yake. Hiyo ni kazi ya mtunzi, na bahati mbaya haina nafasi hapo.

Sasa nifike kwa paka, juu najua wengine walifungua hii kwa ajili yake.

Naishi Bukavu, chumba kimoja na nusu, pamoja na paka jike anayeitwa Asistanti. Jina alipewa kwa sababu anaingia bila kugonga, anakaa mbele ya kazi yako, anaiangalia kwa muda mrefu, kisha anaondoka bila kusema kama umefaulu. Anakula sambaza. Akikosa sambaza anakula fufu na mchuzi, lakini kwa uso wa mtu aliyeonewa. Majirani wako na mawazo yao kuhusu kijana asiyeoa, anayefuga paka ambaye si wa kukamata panya, na ambaye jioni anafungulia muziki usio na wimbo. Bayeri aliniuliza siku moja kwa adabu: "Mwalimu, ile kintu unasikilizaka, ni maombi?" Nilimjibu ni muziki. Hakuridhika sana.

Asistanti njo msikilizaji wangu wa kila siku, kwa hiyo nimemchunguza. Sikio la mtu linapokea sauti kutoka mitetemo 20 kwa sekunde mpaka 20,000 hivi. La paka linapita 60,000. Lakini msikimbilie kusema paka anasikia siri za Konono ambazo sisi hatuzisikii! Muziki wa telefoni umekatwa juu, faili haibebi kitu cha maana kupita mwisho wa sikio la mtu. Kwa hiyo mimi na yeye tunapata kitu kimoja. Tofauti iko kwa vile tunakipokea.

Kuna Waamerika waliochunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2015 Charles Snowdon, David Teie na Megan Savage walitoa utafiti wao: paka walipigiwa muziki wa watu, na pia muziki uliotungwa kwa ajili ya paka, wenye mwendo wa kukoroma kwao na wa mtoto anayenyonya, na sauti za juu kama za paka wenyewe. Muziki wa watu, hata wa Bach, haukuwashitua. Ule wa paka waliukaribia, wengine wakajisugua kwa bafle. Teie ni mpiga selo, njo alitunga. Niliununulia mega, nikamsikilizisha Asistanti. Alijisugua kwa telefoni kidogo, akarudi kulala. Kwa maoni yangu ni muziki wa heshima sana, kama salamu za ofisini. Lakini uko na wazo moja nimeliiba: jiulize mwili wa anayesikiliza unataka nini, kabla ya kuuliza muziki ni wa aina gani.

Hilo wazo lilinisaidia baada ya Februari 2025.

Sitaeleza siku zile, mliokuwa hapa mnazijua, mliokuwa mbali mliona picha. Nasema juu ya masikio tu. Tangu wakati ule Asistanti akisikia bati linaangushwa, ao mlango wa chuma wa jirani, anaingia chini ya kitanda na anabaki saa nzima. Na mimi, mtu mzima mwenye lisansi, nahesabu kimya kimya kama kuna la pili. Kabla ya hapo nilikuwa napenda muziki mkali wa Merzbow, yule Mujapani, Masami Akita. Diski yake Pulse Demon ya mwaka 1996 ni ukuta wa kelele kutoka mwanzo mpaka mwisho, na niliiona kama uhuru: hakuna wimbo, hakuna amri. Leo siwezi tena. Kelele inayobadilika ghafla, inayokatika na kurudi bila kukuonya, mwili wangu unaisoma kwa namna nyingine. Kuna swali gumu hapo kwa sisi tunaopenda muziki wa majaribio: mtu wa mji uliotulia anaweza kucheza na mshituko kama mchezo, lakini mtu wa mji uliosikia risasi atacheza nao vipi? Wandiko wengi wa muziki huu wanaandika kama vile masikio yote yamelala vizuri usiku.

Konono inapita mtihani huu. Fungulieni "Lufuala Ndonga" ao "Masikulu", kwa sauti ya juu kabisa. Mkwaruzo ni mkubwa, ndiyo, lakini haukurukii. Unafika, unakaa, unazunguka. Likembe nene inarudia mzunguko wake mfupi, ile ya juu inaingia katika nafasi ambazo ya kwanza imeacha wazi, na baada ya dakika mbili hujui tena nani anaanza, nani anajibu. Ngoma zinakaza, filimbi inapiga amri, watu wanaitikia. Mabadiliko yanakuja kwa kukuonya. Nimeangalia mara nyingi: Asistanti yuko juu ya begi la vitabu, sikio moja linageukia bafle kisha linarudi, na hakimbii. Paka huyo huyo anayekimbia bati likianguka! Sauti chafu, basi, haimtishi. Kinachomtisha ni sauti isiyo na desturi.

Na hapo narudi kwa rafiki yangu na "muziki ya matanga" yake. Alisema kwa kudharau, lakini alisema kweli kuliko wale wa Brussels. Muziki unaopigwa usiku mzima mbele ya watu waliopoteza mtu haukuruhusiwa kuwashitua. Unapaswa kuwabeba mpaka asubuhi. Zile dakika nyingi za kurudia, ambazo mwanafunzi anaziita kuchosha, zimepimwa kwa mwili wa mtu ambaye hawezi kulala. Nani kati yetu mwaka huu hakuwa mtu huyo?

Kasoro ziko. Diski yenyewe iko na nyimbo zinazofanana sana, na asiyezoea atadhani telefoni imerudia wimbo. Assume Crash Position ya mwaka 2010, kwa masikio yangu, imesafishwa kidogo, mchanga umepungua. Ile waliyofanya na Batida mwaka 2016 ni ya kucheza, mzuri kwa sherehe, lakini mashine inamwambia mzee asimame wapi.

Kati ya vijana, KOKOKO! wa Kinshasa na diski yao Fongola ya mwaka 2019 wananipa furaha, hasa sauti ya Makara Bianko, inayokaripia kama konda wa basi. Ila vifaa vyao vya chupa na makopo vimepigwa picha kuliko kusikilizwa. Ni ule ule mtego wa takataka. Rey Sapienz, mtoto wa Congo anayefanyia kazi Kampala, alitoa Na Zala Zala mwaka 2021 kwa Hakuna Kulala, na huyo anafanya kitu kigumu zaidi: anaacha hofu iingie ndani ya mdundo bila kuigeuza pambo. Lakini mwone, Kampala. Jina la nyumba ni la Kiswahili, na sisi wa Bukavu tunalisikia kupitia Uganda.

Jambo la mwisho, na hili linanikasirisha kweli. Konono walirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1978, na sauti ile ilitolewa Ufaransa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Likasi, wakati ule Jadotville, mwaka 1952, na Hugh Tracey. Mikanda ya Tracey iko Afrika Kusini. Mwanafunzi wa hapa akitaka kuandika TFC juu ya likembe ataomba ruhusa ya kusikiliza babu yake katika nchi ya watu. Na akipeleka somo hilo kwa mwongozaji, nimeona kwa macho, anajibiwa achague kitu "cha maana". Wakati huo wazee wanaopiga lulanga ya Bashi wanapungua, na kila mmoja wetu yuko na telefoni inayorekodi.

Kwa wanaotaka kuanza: msisikilize kwa bafle ndogo ya telefoni, likembe nene inapotea kabisa na mtabaki na nusu ya mazungumzo. Tafuteni bafle ya kweli, ngojeni umeme urudi. Anzeni na "Ungudi Wele Wele", kisha "Masikulu" bila kuikata. Bayeri akija kugonga, mwambieni ni matanga. Atakaa asikilize.