Uandishi wa Kazini kwa Wanafunzi wa Uhandisi: Nani Asomaye?

Somo la uandishi wa kazini katika vitivo vya uhandisi mara nyingi hufundishwa kama somo la umbo. Mwanafunzi huonyeshwa mahali pa utangulizi, uchambuzi na hitimisho, kisha hupimwa kwa kufuata mpangilio huo. Mpangilio una manufaa yake. Hata hivyo, unaacha kando swali la msingi: maandishi hayo yanasomwa na nani, naye atende nini baada ya kuyasoma?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Fizi na Baraka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Ripoti ya mhandisi huenda ofisini kwa Kifaransa, ilhali kazi yenyewe hutendwa na kapita na mafundi wanaoelewana kwa Kiswahili na Kibembe. Hao hubaki wakitegemea tafsiri ya mdomo, isiyoacha ushahidi.

Uchukuliwe mfano wa daraja ambalo nguzo yake imechimbwa na maji ya mvua. Mwanafunzi mwenye alama nzuri huandika: "Inashauriwa hatua zinazofaa zichukuliwe." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina mtendaji, siku wala kipimo. Lori likitumbukia mtoni, hakuna aliyekiuka agizo. Ingefaa aandike: "Kapita afunge daraja kwa malori kuanzia leo, mpaka mhandisi aipime nguzo upya." Tofauti ya sentensi hizi mbili si ya mtindo tu, bali ni ya uwajibikaji.

Aidha, kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi. Kamusi za istilahi za kisayansi zilizotolewa Dar es Salaam zimethibitisha uwezo wa lugha hii, lakini neno sanifu halijifikishi lenyewe kwa msomaji. Fundi aliyezoea "betoni" huenda asilitambue "zege". Yafaa maneno yote mawili yaandikwe pamoja mara ya kwanza.

Kwa hiyo kila zoezi lingeandikwa mara mbili: kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, na kwa Kiswahili kwa ajili ya wajenzi. Andiko la pili apewe fundi alisome, kisha aeleze atakalofanya. Maelezo yake yakitofautiana na kusudi la mwandishi, alama zipunguzwe, hata kama sarufi imekamilika.