Fani ya Kushuka Mlimani

Mwalimu wa fasihi wa sekondari hufundisha kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na mwanafunzi anayejua anachokifanya havichanganyi. Nataka kuichukua kanuni hiyo ya kidato cha tatu niisomee kitu kisichomo kwenye silabasi: maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yameandikwa sana kama siasa. Kama tamthiliya, yaani kazi yenye mandhari, maleba, mazungumzo na hadhira, hayajasomwa inavyostahili. Ukiyasoma hivyo unagundua kwamba wakubwa walioyajibu hawakufika kwenye maudhui. Waliishia kwenye fani.

Mandhari kwanza. Chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya kivuli cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwanafunzi akitoka mlangoni, Mnazi Mmoja ipo hapo na Kariakoo ipo hapo. Mchuuzi wa kahawa na mwanachama wa chama wote wanamwona. Mwaka 1964 chuo kikahamia Observation Hill, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji, na watu wakapaita Mlimani. Kilichofanyika pale kilikuwa zaidi ya kuhamisha madawati. Utawala, maktaba, ukumbi mkubwa ambao leo ni Ukumbi wa Nkrumah, mabweni yenye namba, nyumba za wahadhiri: vyote vikawekwa juu, jiji likabaki chini. Tangu siku hiyo mwanafunzi mwenye neno na serikali alikuwa na elekezo moja tu la jukwaani: ateremke.

Onyesho la kwanza kubwa ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imepitisha kwamba wahitimu wa vyuo waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, na miezi 18 kati ya hiyo wafanye kazi za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakakataa, wakateremka hadi Ikulu. Walikwenda wamevaa majoho.

Hapo mhakiki lazima asimame. Joho ni vazi la mahafali, la mtu anayepokea. Kulivaa Oktoba, jua la Dar es Salaam likiwa kali, kwenda kumwambia Rais kwamba asilimia 40 haitoshi, ni kuchagua maleba yanayoipinga hoja ya mvaaji. Hoja ya wanafunzi haikuwa ya kijinga: waliona wanakatwa mshahara na kulazimishwa bila kushauriwa, na bila shaka wamo waliokuwa wakisubiriwa na ndugu waliowauzia ng'ombe ili wasome. Lakini ndugu huyo haonekani popote katika onyesho. Kinachoonekana ni joho. Maandishi nayo yalizidi kuharibu. Bango moja lilidai kwamba afadhali hali ya wakati wa ukoloni, miaka 5 tu baada ya bendera kupanda. Tamko lililosomwa mbele ya Rais lilifika kileleni kwa kusema kwamba miili yao itakwenda JKT lakini roho zao zitabaki nje. Ni kauli yenye mizani, inayosikika vizuri ndani ya ukumbi wa midahalo. Tatizo ni mahali iliposemwa, na aliyeambiwa.

Aliyeambiwa alikuwa mfasiri wa Shakespeare. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilikuwa imetoka mwaka 1963, na mtu aliyehangaika na hotuba ya Antonio mstari kwa mstari hahitaji kufundishwa namna ya kuliteka jukwaa la mwingine. Wanafunzi walikuja na muundo wa watu wawili: sisi tunaodai, wewe unayesikiliza. Mwalimu akauvunja. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, ukiwamo wake, akatangaza palepale kuukata wa kwake kwa asilimia 20. Kwa tendo hilo hadhira ikageuka mhusika mkuu, na waliokuja kama wahusika wakuu wakageuka watazamaji wa anguko lao. Wanafunzi 393 walirudishwa makwao. Haikupita miezi minne, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kisanaa sina budi kukiri kwamba Mwalimu alishinda siku ile, na alishinda kwa haki. Wapinzani wake walikuwa na mwongozaji mbaya.

Miaka iliyofuata Mlimani ilijaribu fani nyingine: karatasi. Jarida la Cheche lilianza 1969 mikononi mwa wanafunzi wa USARF, chama kilichopata kuongozwa na kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Novemba 1970 likapigwa marufuku, baada ya kuchapa uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Lilitetea ujamaa kuliko wajamaa wengi wa serikalini, na bado likafungwa. Dosari yake kubwa, kwa jicho langu, ipo nyuma ya jalada: jina la Kiswahili, kurasa za Kiingereza. Mfanyakazi wa Chang'ombe aliyezungumziwa humo asingeweza kuzisoma. Julai 1971 ikaja barua ya wazi ya Symonds Akivaga, rais wa serikali ya wanafunzi, kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Ni utanzu wa mtu aliyebaki juu na kuandika. Safari hii dola ndiyo iliyopanda: askari wa FFU walifika mlimani, na Akivaga akarudishwa kwao Kenya.

Sasa tufike 1978, kazi ambayo naiona bora kuliko zote. Serikali ilikuwa imewaongezea viongozi, mawaziri na wabunge wakiwamo, mishahara na marupurupu. Tarehe 5 Machi wanafunzi wakateremka tena. Njia ni ileile, mlima ni uleule. Kilichogeuka ni maudhui, tena yamepinduka miguu juu kichwa chini. Mwaka 1966 mwanafunzi alitetea mfuko wake. Mwaka 1978 aliuhoji mfuko wa mkubwa. Silaha yake ilikuwa Azimio lenyewe, na hoja yake, ukiipima neno kwa neno, ni ile Mwalimu aliyoitoa Ikulu miaka 12 nyuma: kwamba wakubwa wanalipwa kupita kiasi katika nchi ya maskini. Yaani walijifunza sehemu ya mhusika mkuu wa onyesho la kwanza wakaja kumchezea mbele yake. Sijui tamthiliya ya Kiswahili yenye kinaya cha kiwango hicho. Tena kinaya hiki hakikuhitaji joho wala kauli ya roho na miili. Maudhui yalibeba fani mgongoni.

Majibu? Polisi waliwazuia njiani, na mamia wakafukuzwa chuoni. Baadaye wanafunzi waliletewa chombo kingine, MUWATA, chini ya mkono wa chama. Hapakuwa na mazungumzo, kwa hiyo hapakuwa na tendo la pili. Asitokee mtu wa kusingizia vita, maana Kagera ilivamiwa mwishoni mwa Oktoba, miezi zaidi ya saba baadaye. Weka maonyesho hayo mawili sambamba: madai yanapingana, adhabu zinafanana. Waliotaka zaidi walirudishwa nyumbani, na waliotaka wakubwa wapunguziwe walirudishwa nyumbani. Kama dola ingekuwa inasoma maudhui, walau tofauti kidogo ingeonekana. Ilichosoma ni vijana wengi wanaoteremka mlima kwa pamoja, na hicho kilitosha.

Nadhani wanafunzi wa baadaye waliielewa hali hiyo, kwa sababu fani ikabadilika. Migomo ya miaka ya 2000, ya bumu, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, na ya sera ya kuchangia gharama, ilikuwa ya kukaa: watu hawaingii madarasani, wanakusanyika palepale chuoni, wanaimba, wanasubiri. Novemba 2008 chuo kikawarudisha makwao. Mwili usiotembea nao unaadhibiwa, ila hauna nguvu za kitamthiliya, kwa sababu mji haumwoni aliyekaa. Muuza mihogo wa Manzese aliyeyaona ya 1978 kwa macho yake, ya 2008 aliyasikia redioni.

Na mandhari yenyewe imeliwa. Mlimani City ilifunguliwa 2006 chini ya mlima, kwenye ardhi ya chuo. Wanafunzi wengi wakawekwa Mabibo, na mwaka 2017 yakaja mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya watu 3,840. Leo mwanafunzi analala chini na kupanda asubuhi kwa basi au kwa miguu, daftari kwapani, na anateremka jioni na wenzake maelfu bila askari yeyote kushtuka. Elekezo la jukwaani limekuwa safari ya kurudi kulala. Kule Temeke, chuo kishiriki cha elimu cha DUCE, kilichoanzishwa 2005, kiko Chang'ombe, ardhi tambarare, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliokuwa ukiitwa Uwanja wa Taifa. Simba na Yanga zikicheza, barabara yake hujaa watu wengi kuliko maandamano yoyote yaliyowahi kutoka Mlimani. Msomi wa pale haangalii mji kutoka juu, na sioni kwamba amepungukiwa. Nangoja kuona atabuni fani gani siku akiwa na neno zito la kusema.

Tunaposimuliana historia ya chuo hiki huwa tunaanza na 1966, kwa sababu jibu la Mwalimu lilikuwa tamu na linasimulika. Huko ni kumpa mshindi wa jukwaa haki ya kuandika mchezo mzima. Kwa kipimo cha fani na maudhui, kazi ya kuanzia ni ya 1978, na hiyo ndiyo yenye kumbukumbu chache mikononi mwa umma. Kama ulikuwemo, na una bango, karatasi ya stensili au picha uliyoificha sandukuni kwa hofu ya wakati ule, ipeleke Mlimani. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ilijengwa kubeba vitabu 800,000. Haitashindwa na bango lako.