Rosa Mistika na Suala la Kuchapisha Upya

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa na East African Literature Bureau, Nairobi, mwaka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania, na mwaka 1988 ikatolewa tena na Dar es Salaam University Press. Historia hiyo yazusha suala: haki za riwaya zirejeapo kwa mwandishi au warithi wake, je, lugha yake isahihishwe? Kezilahabi, mzawa wa Ukerewe, aliandika Kiswahili cha bara. Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako Kiswahili huwaunganisha wafanyakazi wa makabila mbalimbali, msomaji naye amekipata mbali na pwani. Kuisahihisha riwaya ni kumwambia kuwa lugha yake haistahili kitabu. Matini ya 1971 iachwe ilivyo. Msamiati mgumu ufafanuliwe mwishoni, na utangulizi ueleze marufuku ile.