Nahau za Kiingereza na Hatari ya Kufanana

Katika vitabu vingi vya mafunzo ya lugha kuna sehemu, aghalabu kurasa za mwisho, yenye safu mbili. Kushoto huorodheshwa nahau za Kiingereza. Kulia huandikwa maana zake kwa Kiswahili, na mara nyingi maana yenyewe ni neno moja tu. Mwanafunzi huzikariri, hutahiniwa, hufaulu. Baadaye huajiriwa gazetini, mahakamani au katika ofisi ya tafsiri, na huko ndiko upungufu wa safu zile mbili unakodhihirika.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza upungufu huo, kwa kuwa siku hizi una gharama. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 2019, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikwisha kukikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne. Maandishi ya Kiingereza yanayongoja mfasiri ni mengi mno, na Kiingereza cha ofisini, ingawa huonekana kikavu, kimejaa picha za kale ambazo wenyewe wamekwisha kusahau kwamba ni picha. Mfasiri asiyezitambua hufasiri maneno, akaacha kauli.

Tuanze na mfano ambao karibu kila orodha inao. Mwingereza husema kwamba fulani ameipiga ndoo teke, na safu ya kulia hutwambia: kufa. Jawabu hili si la uongo, lakini ni nusu. Hakuna Mwingereza mwenye adabu atakayeitamka nahau hiyo mbele ya mjane, kwani ni kauli ya mzaha na ya kijiweni. Kiswahili nacho kina ngazi zake katika jambo hili. Tangazo la tanzia husema marehemu amefariki dunia au ameaga dunia. Msimulizi anayeeleza dakika yenyewe husema amekata roho. Na wenye masihara husema amekata kamba. Hapo ndipo mahali pa ndoo ya Mwingereza, katika kamba iliyokatwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba maana yake ni “kufa” basi, anaweza siku moja kumwandikia mkuu wake wa kazi barua ya rambirambi kwa Kiingereza, akamweleza kwa heshima zote kwamba amehuzunika kusikia baba yake ameipiga ndoo teke. Maana itakuwa sahihi kama orodha ilivyosema. Adabu itakuwa imekwenda na maji. Wako wanaobishana juu ya asili ya ndoo hiyo, na ubishi wao una raha yake, ila haumsaidii mfasiri hata kidogo.

Hata hivyo nahau ya namna hii haina hatari kubwa. Sentensi inayosema kwamba mzee wa watu ameipiga ndoo teke humshtua msomaji yeyote wa Kiswahili. Atatua, atauliza. Vivyo hivyo akisoma kwamba jana mvua ilinyesha paka na mbwa. Ugeni wa picha ni kengele, na kengele ikilia mtu huamka. Nionavyo mimi, walimu na watunga orodha wametumia nguvu nyingi mno kutuonya kuhusu nahau hizi za ajabu, wakazipita kimya zile ambazo zikifasiriwa neno kwa neno hutoa Kiswahili kizuri, kilichonyooka, chenye maana nyingine kabisa.

Chukua moyo. Kwa Kiingereza, kumvunja mtu moyo ni kumtia majonzi makubwa, hasa katika mapenzi au msiba. Kwa Kiswahili, kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa asiendelee na jambo alilolianza. Mama aliyefiwa na mwanawe hakuvunjika moyo. Ana majonzi, ana simanzi, moyo wake unavuja damu. Mwanariadha aliyeachwa nyuma katika mzunguko wa kwanza ndiye aliyevunjika moyo. Riwaya iliyofasiriwa ikitwambia kwamba msichana alivunjwa moyo na mchumba wake, twaelewa kwamba alikuwa na mpango fulani, pengine wa masomo, naye mchumba akamkatisha tamaa. Hapana kengele inayolia. Msomaji huendelea kurasa mia mbili akiwa na kisa kingine kichwani mwake.

Mkono nao una mitego. Mwingereza akiomba apewe mkono anaomba msaada, lakini kwetu kumpa mtu mkono ni kumwamkia, kumpongeza, kuagana naye, au kumpa pole katika tanzia. Anaposema sheria ina mkono mrefu anakusudia kwamba mhalifu hata akimbilie wapi atafikiwa, ilhali kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi. Kweli, watu wetu husema mkono wa serikali ni mrefu nao wakaeleweka, maana hapo mpangilio wa maneno umelinda maana. Lakini mwandishi anayeandika kwamba sheria “ina mkono mrefu” ajue kwamba ameitukana.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa utepe. Nyaraka za serikali na za mawakili wa Uingereza zilikuwa zikifungwa kwa utepe mwekundu, na kutokana na desturi hiyo utepe mwekundu ukawa jina la ucheleweshaji wa ofisini: fomu juu ya fomu, saini juu ya saini. Anayeupunguza usumbufu huo, Mwingereza humsifu kwamba ameukata utepe mwekundu. Sasa lete kauli hii kwetu neno kwa neno. Waziri ameahidi kukata utepe mwekundu katika utoaji wa leseni. Msomaji wetu ataiona picha bila shida: mkasi juu ya sinia, ngoma, picha ya pamoja. Kukata utepe kwetu ni kuzindua. Ahadi ya kuondoa usumbufu imegeuka kuwa sherehe. Na jambo hili linasikitisha zaidi kwa sababu Kiswahili hakikupungukiwa hapa. Tunalo neno urasimu, tunayo kauli ya mitaani ya “njoo leo, njoo kesho,” na mwananchi aliyezungushwa dirisha hadi dirisha husema amepigwa danadana. Sitaki kusema kwamba danadana iingie katika hati rasmi. Nasema mfasiri aifikirie kabla ya kuuendea utepe.

Yafaa pia tuone kwamba maneno yale yale ya Kiingereza huweza kuwa nahau mahali pamoja na yasiwe nahau mahali pengine. Tamthilia mbili za Shakespeare alizozifasiri Mwalimu Julius Nyerere zatupa ushahidi. Katika Juliasi Kaizari, toleo lililosahihishwa la mwaka 1969, yumo Casca, anayesimulia kwamba Cicero alisema maneno ambayo kwake yeye yalikuwa Kigiriki. Katika mchezo, Cicero alinena Kigiriki kweli, na mfasiri ana haki ya kukitaja Kigiriki hicho. Lakini Mwingereza wa leo akisema mkataba fulani kwake ni Kigiriki, hakuna Mgiriki aliyeuandika. Anasema tu kwamba hakuambulia kitu. Katika Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka huo huo, ratili ya nyama anayoidai Shylock ni nyama hasa, ya mwilini, yenye kisu na mizani. Gazeti la London likiandika kwamba benki inadai ratili yake ya nyama, hapana kisu: kuna mdai aliyeishikilia haki yake bila huruma. Je, mfasiri aiache ratili hiyo? Msomaji aliyeijua tamthilia ataelewa na atafurahi. Kijana aliyezaliwa katika zama za kilo, asiyeijua ratili wala Shylock, atadhani habari ni ya bucha. Mimi ningeiacha katika makala ya fasihi, na katika habari za biashara ningeandika kwamba benki imemng’ang’ania mdaiwa bila huruma.

Sasa tuingie katika istilahi zenyewe, ambako kosa la neno moja laweza kupindua uamuzi. Katika Bunge letu hati huwasilishwa mezani, na kila mbunge ajua kwamba hati iliyowasilishwa mezani imefikishwa rasmi mbele ya wajumbe. Meza hiyo tumeirithi Uingereza. Ila Wamarekani, wanaotumia kitenzi hicho hicho cha meza katika mabaraza yao, wanakusudia kinyume chake: kuweka hoja kando isijadiliwe. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu, na kwa ukali, juu ya waraka ambao Waingereza walitaka uletwe “mezani” mara moja. Wamarekani wakadhani wanataka ufungiwe kabatini. Kumbe wote walitaka jambo moja. Ikiwa wenye lugha walipotezana hivyo, itakuwaje kwa mfasiri wetu anayepokea kumbukumbu za mkutano kutoka Washington na kuandika bila wasiwasi kwamba hoja “iliwasilishwa mezani”? Sentensi yake haitakuwa na kasoro yoyote ya sarufi. Itakuwa imesema hoja ilifikishwa, wakati iliwekwa kando.

Sheria za makampuni zina mtego wa aina hiyo hiyo. Tangu kesi ya Salomon, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1896, kampuni huhesabiwa kuwa mtu mbali na wenye hisa zake. Madeni ya kampuni si madeni yao. Mahakama ikiona kwamba kampuni imetumiwa kama kificho cha ulaghai, huweza kuwafikia wenyewe walio nyuma yake, na Waingereza hukiita kitendo hicho kuinua shela ya kampuni. Mfasiri akiandika “kufunua shela ya kampuni,” kila mtu wa pwani atasikia harufu ya asumini na udi, kwa sababu anayefunuliwa shela ni bi harusi. Ningependekeza “kuondoa kinga ya kampuni.” Picha imepotea, nakiri, lakini mdai asiye na wakili ataelewa kinachotokea kwa fedha zake.

Isidhaniwe kwamba ninapinga kila picha inayovuka bahari. Kuua ndege wawili kwa jiwe moja ni kauli ya kawaida kwetu, na mtoto yeyote mwenye manati haihitaji kamusi. Vita baridi nayo ilikubalika bila taabu, na sababu yake naiona katika lugha yenyewe: kwetu vita hupamba moto, basi vita visivyo na moto vitakuwa baridi. Mahali pengine picha yetu imeishinda yao. Waajiriwa wasiokuwapo, ambao majina yao hupokea mshahara, Mwingereza huwaita mizuka. Tanzania iliwaita wafanyakazi hewa, na msako wa mwaka 2016 ulipoanza kila mwananchi alielewa mara moja ni nini kinachosakwa.

Inabaki kauli ambayo redio zetu haziwezi kupumua bila hiyo: mwisho wa siku. Kwa Mwingereza ni njia ya kusema “hatimaye,” au “ukishayapima yote.” Wapo wenzangu wanaotaka ipigwe marufuku, nami sioni faida ya kupiga marufuku kinywa cha watu, katika mazungumzo ya studioni haimdhuru yeyote. Lakini imeanza kupenya katika matangazo na mapatano ya maandishi, na humo haifai, kwa kuwa siku kwetu ina mwisho unaojulikana, nao ni machweo. Mkulima wa korosho aliyesomewa tangazo kwamba “mwisho wa siku kila mkulima atalipwa” ana haki ya kukaa ghalani mpaka jua lizame akidai fedha zake, na hakimu atakayelisoma tangazo hilo kwa Kiswahili atapata taabu kumwambia kwamba hakuelewa.